Chumba Nilichokiziba Kabla ya Safari

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, simu wekeni chini kwanza. Sitawachosha. Mie kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kalamu mkononi na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mkikuta nimeandika kama ninavyosema, ndivyo nilivyokusudia. Atakayecheka acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Juzi hapa nyumbani alikuja fundi wa kiyoyozi. Mjukuu wangu na mkewe walikuwa wanajiandaa kwenda likizo, wakaona wasiiache nyumba hivihivi. Fundi akapanda ngazi, akafungua kile kidude cha ukutani, akatoa chujio lake, akalikung'uta uani vumbi likamrudia usoni, akarudisha, akashuka.

"Ndiyo basi?" nikamuuliza.

"Ndiyo basi, bibi. Wakirudi wanabonyeza tu."

Sikuwa na wivu. Nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa nimerudi Temeke ya zamani, kwenye nyumba yangu ya miti na udongo, siku ambazo mie nami nilikuwa najiandaa kwenda likizo, na nyumba haina cha kubonyeza. Joto lake lilikuwa mikononi mwangu na ubaridi wake ulikuwa mikononi mwangu. Na kwa mikono hiyohiyo nusura niue watu wawili.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati kama mkono ulionyooshwa, mbele baraza, nyuma uani. Paa tulikuwa tumeshatoa makuti tukaweka bati, na nyie mnaojua bati mnajua adhabu yake. Lakini kuta za ndani hazikufika juu. Kila chumba kilikuwa wazi kule darini, kati ya kichwa cha ukuta na bati, mwanya wa kupita paka. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha uani anakwambia pole. Siri hazikukaa. Hewa nayo haikukaa, na huo ndio ulikuwa uhai wa nyumba ile, ingawa sikuujua.

Mie niliiendesha nyumba kama mtu anavyoendesha mtumbwi, kwa kusikiliza. Alfajiri nafungua milango yote miwili, wa barazani na wa uani, upepo unapita koridoni umebeba harufu ya udongo uliolala na umande. Jua likipanda nafunga madirisha ya upande wake, yale ya mbao ya mabawa mawili, nafungua ya upande wa pili. Saa sita nanyunyiza maji sakafuni, kidogokidogo kwa vidole, sakafu inatoa pumzi. Mtungi wa maji ya kunywa ulikaa koridoni, pale upepo unapopinda, nimeufukiza ubani, tumbo lake limelowa daima kama shavu la mtu anayelia. Ukichota kwa kata ukanywa, unafumba macho. Mchana wa jua kali, nje bati linapasuka pa! pa! kwa joto, ndani mtu amelala sakafuni na khanga moja, mwanga wa ufa wa dirisha umemkata kiunoni, vumbi linaelea ndani ya mwanga ule polepole, halina haraka ya kutua. Nimekaa nyumba nyingine tangu hapo. Usingizi kama ule sijaupata tena.

Bwana wangu alikuwa mtu wa bandarini, kupakua shehena. Alikuwa akirudi kutoka Kurasini mgongo umewaka, anasimama mlangoni, anasubiri upepo wa korido umguse kifuani ndipo aseme salamu. Alipenda kunitania: "Wewe ungeajiriwa kule kwetu, hata bahari ungeifunga saa sita ukaifungua saa kumi."

"Isingemwagika nguoni mwako kila siku," namjibu.

Sasa mwaka huo likizo yake ikaiva, na nauli ya kwenda kwao ikatoka. Kwao na kwetu ni kusini, juu kule, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya chungu. Ilikuwa masika, barabara ya kusini imekatika Rufiji, kwa hiyo tungekwenda kwa meli mpaka Mtwara na watoto wetu wawili wadogo. Mama yangu nilikuwa sijamwona tangu niolewe. Na alikuwa amehama pale nilipomwacha, wamehamia kijiji kipya na wenzake wote, nyumba kwa mstari. Usiku nilikuwa najaribu kumweka mama yangu kwenye nyumba ya mstari, anakataa kukaa. Namwona amesimama tu mlangoni.

Tatizo likawa moja, na lilikuwa chumba cha tatu mkono wa kulia.

Chumba hicho ndimo alimolala wifi yangu, mdogo wa mwisho wa bwana wangu, pamoja na mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa kazini mbali, mama yao alishafariki, basi akavuka kutoka Kigamboni akaja kujifungulia kwa kaka yake, yaani kwangu. Mtoto alikuwa na wiki mbili na ushei. Wa kike, mdogo, kilio chake chembamba kama mlango unaotaka mafuta. Na desturi yetu mnaijua, au hamuijui, niwaambie: mzazi hukaa ndani siku arobaini, na katika siku hizo adui yake ni baridi. Anakandwa kwa maji moto, anafungwa mkaja tumboni, anakunywa uji wa pilipili manga, na kitanda chake cha kamba kinawekewa moto uvunguni. Joto linapanda kwenye kamba, linapita jamvi, linamshika kiunoni. Mzazi aliyepigwa na baridi ya uzazi, tuliambiwa, hapati nguvu zake tena, na mtoto wake hukohoa mpaka utu uzima. Mie niliamini hivyo, na nusu yake bado naamini.

Kwa hiyo likizo yangu ilikuwa na sharti. Wifi na mtoto lazima wabaki na joto lao siku zote nisizokuwepo, kwenye mvua ile ambayo nguo hazikauki. Na nani wa kuangalia? Wapangaji wetu, mtu na mkewe, wote walimu, walishinda shuleni. Palikuwa na bibi mkandaji, jirani yetu Mzaramo, mikono yake ina nguvu kuliko ya kuli, lakini huyo akija asubuhi akaondoka, harudi mpaka jioni. Saa zote za katikati, upepo wa kusi unapita juu ya kuta unavyotaka, na wifi peke yake hawezi kufunga na kufungua kama mie.

Nikasema basi, kama sitakuwepo kuendesha upepo, nitaufungia nje.

Bwana wangu alikuwa amekuja na turubai la shehena, kuukuu, nyapara wao kampa baada ya kuona limechanika pembeni. Tulilitaka la kufunikia kuni. Mie nikalitazama nikaona dari. Nikapanda juu ya meza, meza juu ya kitanda, nikaligongomea kwenye kichwa cha ukuta pande zote nne, likavutika mpaka likalia kama ngoma. Palipochanika nikapashona na kupapaka lami. Kisha dirisha: nikafunga mabawa yote mawili, nyufa nikaziba kwa matambara na udongo mbichi. Chini ya mlango nikalaza gunia lililokunjwa. Nilifanya kazi hiyo siku mbili, jasho linanichuruzika, najisikia mwanamke kwelikweli.

Bibi mkandaji alipokuja akasimama katikati ya chumba, akainua uso, akazungusha macho.

"Hee! Sasa humu hata mbu akitaka kuingia itabidi aombe ruhusa kwa balozi wa mtaa."

"Shikamoo bibi. Ndivyo ninavyotaka."

"Marahaba mwanangu. Hapa mzazi amepata mzazi mwenzake." Akakaa kumkanda wifi, na wifi analalamika kama desturi ya wanaokandwa.

"Bibi, taratibu, mie si unga wa ngano!"

"Nyamaza. Ulipokuwa unalitafuta tumbo hili hukusema taratibu."

Tukacheka sote watatu. Mtoto akashtuka, akalia, akanyonya, akalala.

Mie si mtu wa kuacha jambo bila kulijaribu. Zilibaki siku tatu meli iondoke. Nikasema leo nakiendesha chumba hiki siku nzima kama vile sipo. Jiko la mkaa tangu asubuhi uvunguni, mlango umefungwa, nione joto linakaa au halikai. Kule kwetu mama zetu waliingiza makaa ya kuni kwenye kigae, yameshakufa nusu, na paa ni la nyasi linavuja moshi kila mahali. Mie nilitia mkaa mpya, jiko limejaa. Nikaona nimewapita mama zetu kwa maarifa.

Watoto wangu nikawapeleka kwa bibi mkandaji. Walimu wameenda shule. Bwana yuko kazini. Nilipomaliza kuosha vyombo vya mchana, mvua ikaanza, si ya fujo, ile ya kukaa. Nikaingia chumbani, nikasukuma gunia vizuri nyuma ya mlango, nikakaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, kukunja nguo za mtoto.

Joto lilikuwa limekaa kweli. Lilikuwa limekaa kama mgeni mnene. Wifi kalala chali kitandani, mtoto kifuani, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Anazungumza, anapanga mambo ya Kigamboni, kwamba mumewe akirudi watajenga banda la kuku upande wa nyuma, kuku wekundu tu, hataki weupe maana mwewe anawaona.

"Na mwewe wenu wa Kigamboni wamesoma?" nikamuuliza.

"Wifi, mwewe wa kwetu anajua mpaka jina la..."

Hakumaliza. Nikadhani amelala. Nikasema vizuri, mzazi alale.

Hapo sasa sijui niwaelezeje. Kichwa changu kilikuwa kinauma tangu muda, kamba imezungushwa kwenye paji la uso, nikadhani ni uchovu wa kupanda meza. Kisha kikaacha kuwa changu. Mvua juu ya bati ilikuwa matone mengi, ikawa sauti moja, ikawa haina sauti, ikawa rangi. Turubai juu likashuka, au mie nilipanda. Likawa mbingu ya kule kwetu asubuhi, ile ya karibu, ya kijivu, unayoweza kuifikia na mchi wa kutwangia. Na kweli mtu alikuwa anatwanga. Nikaona mstari wa nyumba, zote mpya, udongo haujakauka, na mbele ya mmoja wa milango mama yangu, mgongo wake, kaniki yake nyuma imepauka. Hakugeuka. Nikasema moyoni, kumbe nimeshafika. Kumbe safari yenyewe nyepesi hivi, hata meli sikuiona. Nguo ya mtoto ilikuwa mkononi mwangu, nusu imekunjwa, nayo ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, nikaiacha iende. Vidole vilikuwa mbali. Miguu ilikuwa imeshauzwa. Sikuwa na hofu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: nilikuwa na raha. Nilisikia mtoto ameacha kutoa ule mlio mdogo wa usingizi anaoutoaga puani, nikafurahi kwamba kumekuwa kimya.

Mama yangu akatwanga. Du. Du. Du.

Kisha mchi ukasema: "Hodi!"

Nikashangaa mchi wa mama una adabu.

"Hodi humu ndani!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, koridoni kwangu, na nikaijua. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mtu akisafiri siku zile alitoa taarifa kwa balozi, na mie nilikuwa nimemtumia salamu aje aandike kwenye daftari lake nani anasafiri na nani anabaki. Nilikuwa nimemwita mwenyewe.

"Wenyewe! Au mmeshasafiri bila kuiaga serikali?"

Sasa nyie sikilizeni. Mie sikusimama kwa sababu ya kujua kwamba tunakufa. Sikujua. Nilisimama kwa aibu. Hodi mbili zimepigwa nyumbani kwangu mchana, mie nimo ndani, sijasema karibu. Kwetu ukipiga hodi ya tatu bila kujibiwa unaondoka, na huko nje utasema nyumba ya fulani haina watu. Mie nyumba yangu haina watu? Hasira ikanishika, ndogo, mbali, kama cheche ya kiberiti upande wa pili wa mto. Nikafungua kinywa kusema karibu, ulimi haukuja. Nikajisukuma kwa mikono, magoti yakakataa, nikaanguka kwa ubavu. Nikaenda kwa tumbo. Mlango ulikuwa hatua tatu, ukawa safari ya siku tatu. Lile gunia! Nilikuwa nimelikaza mwenyewe, na sasa nalivuta, nalo linanicheka.

"Hodi ya mwisho," akasema balozi. Nikasikia viatu vyake vinageuka.

Mlango ukafunguka kiganja kimoja, kichwa changu kikatoka.

Upepo wa korido ukanipiga usoni. Nimekunywa maji mengi maishani, sijawahi kunywa kitu kama kile. Nikatapika papo hapo, mbele ya viatu vya serikali.

"Laa! Mama! Kulikoni?"

"Ingia," nikasema.

"Niingie wapi?"

"Chumbani. Watoe."

Akarudi nyuma. "Humo si kuna mzazi? Mama, arobaini haijatimia, mie mwanaume nitaingiaje..."

"Basi ngoja itimie uje kumzika!"

Hapo akaingia. Na haki ya Mungu, aliingia kinyumenyume, daftari amejifunika machoni, mtu mwenye adabu zake, akagonga kitanda kwa makalio. Kisha alipogeuka akaona, daftari akalitupa. Alimbeba wifi na jamvi lake, kama wanavyobeba magunia, akamlaza koridoni, kichwa chake kikaning'inia, mdomo wazi. Mie nilikuwa nimeshatambaa nimemchukua mtoto. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Shingo haina mwenyewe. Nilimpuliza usoni, hapana. Nilimgeuza nikampiga nyayo, hapana. Mtungi ulikuwa pale ubavuni mwangu, umelowa tumbo. Siku zote kumi na kadhaa nilikuwa nimemlinda mtoto yule na tone la maji baridi kama mnavyolinda macho. Nikatia mkono mzima ndani ya mtungi nikammwagia kifuani.

Akajikunja. Akavuta pumzi, nusu. Akanyamaza. Nikammwagia tena, nikamwinua mlangoni pa uani mvua inaponyesha, upepo wote wa kusi umpate, ule niliokuwa nimeukimbiza siku mbili kwa misumari. Na hapo ndipo kile kilio chembamba kikaja, kwanza kama mbali, kisha palepale, hasira tupu. Nikakaa chini. Balozi naye akakaa chini. Wifi alifumbua macho baadaye kidogo, akanitazama, akasema, "Wifi, kichwa," kisha akatapika na yeye, na mie nikasema alhamdulillahi kwa matapishi.

Balozi alitafuta gari la jirani, tukapelekwa zahanati. Mganga wa pale, kijana mwembamba, akasikiliza kifua cha mtoto muda mrefu, halafu akaniuliza mawili tu: moto ulikuwa wa nini, na hewa ilitokea wapi? Nikamweleza dari yangu. Akanitazama. Hakunitukana, ingekuwa afadhali. Akasema mkaa unaowaka mahali palipozibwa unatoa sumu isiyo na moshi wala harufu, inamlaza mtu kwa raha na haimwinui tena. Alisema "kwa raha" na mie nikainamisha kichwa.

Tuliporudi, bibi mkandaji alikuwa ameshakusanya wanawake barazani na ameshampata mwenye makosa.

"Ni jini wa uzazi huyo. Anapenda mtoto wa kwanza. Kesho nitaleta ubani na..."

"Bibi," nikasema, "jini ni mie."

"Usijilaani mwanangu!"

"Sijilaani. Nimepanda juu ya meza na nyundo. Jini hana nyundo."

Ningeweza kuliacha lile jini libebe lawama, nisiwadanganye. Lilikuwa tayari limeshapata jina na lingekuwa jirani mwema, halibishi. Lakini kama lingebeba jini, mwaka ujao mwanamke mwingine wa mtaa ule angeziba chumba chake, angefukiza ubani, angefunga mlango.

Bwana wangu akarudi jioni, akasimama mlangoni kama desturi kusubiri upepo, akaona watu. Nikamwambia yote nimesimama, mikono ubavuni, sikukaa. Huyo alikuwa dada yake wa mwisho, aliyemlea yeye baada ya mama yao. Aliingia kile chumba. Nikasikia turubai linashuka, linararuka, misumari inaruka sakafuni mmojammoja. Alipotoka alikuwa na vumbi la chokaa kichwani.

"Mke wangu," akasema, "baridi gani hiyo ya Temeke uliyokuwa unaiogopa?"

Jibu mpaka leo natafuta. Nadhani nilikuwa naogopa kwamba nikiondoka nyumba itaendelea bila mie.

Nikamwambia siendi. Aende yeye na watoto, amchukulie mama yangu khanga zake, amwambie nitakuja likizo nyingine. Nilisema kwa ukali, kama navyosema mambo yote, ili nisilie. Akasikia wifi, koridoni alikolala kwenye kitanda kilichohamishwa, mtoto kwapani.

"Wifi, we nenda," akasema. "Ukibaki utaniziba tena."

Bwana wangu akacheka kwanza. Mie nikakasirika. Kisha tumbo likaanza kunitikisika lenyewe, nikacheka mpaka machozi niliyokuwa nayazuia yakapata njia.

Lakini sikukubali kwa kicheko. Siku mbili zilizobaki nilifanya upya. Nikabandua udongo wa madirisha kwa kisu. Nikachukua matofali manne ya kuchoma, nikayapasha uani kwenye mafiga mpaka yakaiva, nikayafunga kwa matambara, nikayaweka uvunguni badala ya jiko. Safari hii sikumjaribia mtu mwingine. Nililala mie mwenyewe kwenye kile kitanda cha kamba, mlango wazi, kutwa nzima. Joto lilipanda kiunoni, jema, na juu yake upepo wa mwanya ukapita shingoni, mwema, na vyote viwili havikugombana. Nililala hivyo nikitazama bati, mvua inakuja inakwenda, sauti ya kila tone nikiisikia kivyake. Nikafikiri: kumbe nyumba ilikuwa inajua. Matofali yalikaa na joto mpaka walimu waliporudi kutoka shule. Nikaona yatosha.

Asubuhi ya meli mvua ilikuwa imekatika. Mizigo ilikuwa barazani, bwana wangu ameshika watoto, anatazama barabarani. Nikawaita wote koridoni: wifi na mtoto wake, mwalimu na mkewe, na bibi mkandaji. Bibi nikamwamkia kwanza, nikamwambia, "Bibi, wewe mkubwa wangu, mikono yako naiheshimu, lakini hili ni la nyumba yangu, nalo linakuhusu na wewe." Akaitikia kwa kichwa, nami nikawaonyesha wote matofali na namna ya kuyapasha. Mkewe mwalimu akauliza kama ikinyesha sana usiku, na matofali yakapoa, si wataweza kuingiza jiko dogo tu, kidogo?

Nikasimama pale mlangoni pa chumba cha tatu mkono wa kulia, nikaweka mguu juu ya kizingiti, nikawaambia:

"Mkaa uishie uani. Jiko halivuki hapa, liwe limekolea au linazimika, inyeshe isinyeshe. Matofali yakipoa, amkeni mkayapashe. Anayesikia baridi, mwongezeeni khanga."